Nyumba ya mzungu ilikuwa na njia ya moshi, yako je?

Juni ikiingia, Kichiwa hakuna mgeni anayeachwa mlangoni. Kabla hajamaliza kusema "kamwene" ameshavutwa ndani na mlango umeshafungwa nyuma yake, kwa sababu baridi ya Njombe haisubiri salamu ziishe. Watoto wanakwenda shule na masweta mawili. Jioni kila nyumba inatafuta moto.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa watoto watatu, mwaka jana. Mdogo alikuwa na kikohozi. Mama akawasha jiko la mkaa uani, akalipepea mpaka likawa jekundu lote, bila moshi hata kidogo, kisha akaliingiza chumbani kwa watoto. Dirisha ni la vioo, limefungwa. Juu kuna dari mpya ya mbao. Chini ya mlango aliziba kwa kanga kuukuu ili upepo usipite. Kila alichofanya alikifanya kwa upendo.

Alfajiri mtoto wa kati, wa darasa la nne, alitoka akiyumba, akatapika kizingitini. Alisema kichwa kinagonga. Mkubwa aliitwa mara tatu ndipo akafumbua macho, na alikuwa kama mlevi. Mdogo alikuwa analia bila nguvu. Mama akasema malaria, baba akasema labda ni maharage ya jana.

Babu yao analala kwenye nyumba ya zamani upande wa pili wa ua. Alikuja na blanketi lake mabegani, akatazama watoto, wala hakuuliza habari ya homa. Aliuliza, "Jiko lililala wapi?"

"Humu ndani, Baba," mama akajibu. "Lakini halikuwa na moshi."

"Toeni watoto nje. Sasa hivi."

Walikaa nje kwenye baridi wamefunikwa mablanketi, kisha wakapelekwa zahanati. Wote watatu walipona. Mzazi unayesoma habari hii kwenye simu, huenda usiku, huenda na jiko likiwa karibu na miguu yako, ujue kwamba si kila familia hupata bahati hiyo.

Ubishi ulianza wiki iliyofuata, na ulihusu ujenzi. Baba wa watoto alikuwa anapandisha nyumba mpya ya tofali za kuchoma, vyumba vinne na sebule, ramani ameiona kwenye simu. Babu alisimama katikati ya sebule isiyo na paa, akagonga ukuta kwa fimbo na kuuliza moshi utatokea wapi. Fundi akacheka kwa heshima. "Mzee, siku hizi watu wanapikia gesi."

"Na kuota moto, mnaotea gesi?"

Fundi hakuwa na jibu. Ndipo mzee, ambaye ana miaka zaidi ya 80, akaanza kueleza nyumba ya mzungu.

Alikuwa kijana mdogo, miaka ya 1950, alipopata kazi kwenye nyumba ya shamba ya Mwingereza. Hakuwa mpishi wala boi wa ndani. Kazi yake ilikuwa moto. Asubuhi anazoa majivu, mchana anapasua kuni, saa kumi na moja jioni anawasha. Kwa miaka miwili aliijua nyumba ile kupitia tundu moja tu, tundu la meko sebuleni, na juu yake lile bomba refu la matofali linaloitwa dohani.

Nyumba za namna hiyo bado zipo hapa na pale Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Mufindi hadi Njombe. Ukiijua moja utazitambua nyingine kwa mbali. Ukuta ni mnene wa tofali za kuchoma, mara nyingi na msingi wa mawe. Paa lina mwinuko mkali, awali la nyasi, baadaye vigae au bati. Mbele kuna baraza refu. Madirisha yamegawanywa vioo vidogovidogo. Jiko la kupikia limejengwa kando, nyuma ya nyumba, ili moto ukizuka usiunguze yote. Kwenye ncha ya paa kuna dohani, pana chini na nyembamba juu. Mahali pengine nyumba imeshabomoka, kuta zimelala, lakini dohani bado imesimama peke yake kwenye majani, na watoto wanaochunga ng'ombe hawajui ni nini.

Anayetaka kuona mfano ulio hai hana haja ya kwenda mbali. Kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini, kuna shamba la Kisolanza, ambalo limekuwa mikononi mwa familia moja tangu miaka ya 1930. Wasafiri wanaijua sehemu hiyo kwa jina la Old Farm House, na siku hizi inapokea wageni. Jioni wanaota moto wa kuni ndani ya nyumba, na moshi unapanda zake juu.

Wenye nyumba hizo hawakuwa wengi, wala wote hawakuwa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, lakini kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wa walowezi wa Iringa na Mufindi walikuwa wao. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui. Waingereza walioletwa na mpango wa Lord Chesham miaka ya 1930, upande wa Sao Hill, walikuwa kundi dogo. Chesham mwenyewe alifariki mwaka 1952. Mke wake Marion, Mmarekani kwa kuzaliwa, alibaki, akaungwa mkono na TANU katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Baada ya Uhuru alichukua uraia na akaendelea kuwa mbunge. Njombe yenyewe iligeuka sura kuanzia mwaka 1949, pale kampuni ya miwati ilipoanza kupanda ile miti ambayo leo ndiyo mkaa wa kila jikoni.

Lakini tofali hazikujifyatua. Mzee anasisitiza jambo hilo kila anaposimulia, na hapo ndipo sauti yake hubadilika. Udongo ulikanyagwa kwa miguu ya Wabena na Wahehe. Kalibu ilishikwa nao, tanuru ilipangwa nao, maji yalibebwa kichwani na wake zao. Tofali za kuchoma zilikuwa zimeshajulikana Ubena kabla ya walowezi, kwa sababu wamisionari wa Berlin waliofika mwishoni mwa karne ya 19 na kuanzisha misheni za Kidugala na Lupembe walijenga kwa tofali, na vijana wa huku ndio waliojifunza ufundi huo. Mlowezi alileta mchoro. Mikono ilikuwa ya hapahapa.

Na kwa nini mikono hiyo ilikubali mshahara ule mdogo? Kwa sababu ya kodi. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na Waingereza wakaiendeleza kwa namna yao. Hela hiyo haikupatikana kwenye ulezi wala mahindi. Wanaume wa Njombe walikwenda kwa maelfu kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, manamba, na waliobaki wakatafuta kazi kwenye mashamba ya karibu. Mtu alilipia nyumba yake kwa kumjengea mwingine nyumba.

"Nikishawasha moto wao," mzee anasema, "narudi kambini. Kule hakuna dohani. Tunalala na moshi machoni."

Mjukuu wa darasa la nne, aliyekuwa amepona kabisa na anasikiliza akiwa amekaa juu ya rundo la tofali, akauliza swali la maana kuliko yote. "Babu, kwa hiyo Wazungu wao hawakuwahi kulala na moshi?"

Mzee hakujua. Jibu ni kwamba walilala nao, tena kwa mamia ya miaka.

Kusini mwa Uingereza, katika kijiji cha Singleton, kuna makumbusho ya nyumba za zamani, kama ilivyo Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam. Moja ya nyumba zake ni ya mkulima, inaitwa Bayleaf. Ilitoka Chiddingstone, jimbo la Kent, ikafumuliwa nguzo kwa nguzo mwaka 1968 na 1969 kwa sababu bonde lake lilikuwa linageuzwa bwawa la maji. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa kati ya 1405 na 1430. Mzee wa Kichiwa akiingia humo hatashangaa sana. Mifupa ya nyumba ni miti. Katikati ya miti kumesukwa fito, na fito zimekandikwa udongo. Madirisha hayana vioo, yana mbao za kufunga tu. Moto uko chini, katikati ya ukumbi, hauna bomba. Moshi unapanda mpaka kwenye kenchi, unazunguka huko juu na kujitafutia njia kwenye paa. Familia ilikula, ikaongea na ikapashana joto kuuzunguka moto huo. Huko Devon, magharibi, wakulima walijenga nyumba ndefu zilizolaza watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili chini ya paa moja, jambo ambalo Mgogo au Mhehe aliyelelewa kwenye tembe hahitaji kuelezwa.

Dohani zilienea kwenye nyumba za wakulima wa kawaida wa Uingereza katika karne ya 16. Padri mmoja, William Harrison, aliyehudumu Radwinter katika jimbo la Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walikuwa wanashangaa mambo matatu yaliyobadilika katika uhai wao. La kwanza kabisa lilikuwa wingi wa dohani. Utotoni mwao, walisema, ungeweza kuzihesabu mbili au tatu katika mji mzima. Mambo mengine yalikuwa mito ya kulalia, maana zamani walilalia gogo, na vyombo vya bati mahali pa vyombo vya mti.

Kuna kichekesho humo. Harrison mwenyewe alinung'unika. Aliona kwamba tangu dohani zije vijana wanalalamika mafua na vichwa, wakati zamani moshi uliaminika kuwa dawa ya kukaza mbao za nyumba na kulinda afya ya wenye nyumba. Ni maneno yaleyale ya bibi zetu: moshi unafukuza wadudu, unakausha mahindi ya mbegu darini, unalinda nyasi za paa. Kuhusu mbegu na nyasi bibi walisema kweli. Kuhusu mapafu ya mtoto, hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka 5.

Serikali ya huko nayo haikuchelewa kuona fedha. Mwaka 1662 Waingereza walitozwa kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko. Wapo walioziba dohani zao kwa matofali ili wasihesabiwe. Kodi hiyo ilichukiwa mno, ikafutwa mwaka 1689. Miaka mia mbili na kidogo baadaye, babu wa babu wa Kichiwa alikuwa anahesabiwa nyumba na Mjerumani.

Kwa hiyo dohani haikuwa akili ya rangi fulani ya ngozi. Ni jambo ambalo wakulima fulani walilipata wamechelewa, baada ya kukohoa kwa karne nyingi.

Sasa turudi kwenye chumba cha watoto, maana hapo ndipo palipo na hatari ambayo nyumba ya zamani haikuwa nayo kwa kiasi hiki. Nyumba ya nyasi ilikuwa na moshi, lakini ilikuwa inapumua. Hewa iliingia chini ya mlango na kutoka kwenye paa lote. Moshi ulichoma macho, mtu akaamka, akatoka. Nyumba mpya ina lipu, dari, dirisha la vioo na mlango wa fremu. Imezibwa vizuri, na wenyewe tunajivunia. Ukiingiza jiko la mkaa humo, umefanya kitu ambacho si mlowezi wala bibi aliyewahi kukifanya: umewasha moto ndani ya nyumba isiyo na tundu.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na ndiyo maana unadanganya. Unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia kwenye damu inashikilia chembe nyekundu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshikilia, hivyo oksijeni inakosa nafasi. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyelala haamki kuomba msaada. Mtoto anadhurika upesi kwa sababu anapumua haraka, na mtoto aliye tumboni mwa mama mjamzito anadhurika zaidi hata kama mama anaonekana mzima. Dalili kubwa ya kutofautisha na malaria ni hii: watu wote waliolala chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiiona, toa kila mtu nje, zima au ondoa jiko, na uende hospitali hata kama wameanza kuchangamka, kwa sababu wanaweza kuhitaji oksijeni.

Beseni la maji karibu na jiko halisaidii, sumu hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Kama huna njia nyingine, ota moto ukiwa macho, madirisha ya pande mbili yakiwa wazi, na jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajalala. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kofia ya sufi kichwani kwa mtoto na soksi miguuni. Watoto wawili kwenye blanketi moja wanapashana joto bila gharama.

Na kama unajenga, moto upe njia yake. Mzee alimweleza fundi kwa fimbo, akichora kwenye vumbi, na maelezo yake yanalingana na yale ya mafundi wa vitabu. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda inavuta nyingine nyuma yake. Kazi ya dohani ni kuilinda isipoe njiani. Tundu la ndani lisipungue sentimita 22 kwa 22, yaani kama urefu wa tofali moja kila upande, na eneo lake liwe kama sehemu moja ya kumi ya kinywa cha meko. Mdomo wa juu upite kofia ya paa kwa sentimita 60 au zaidi, la sivyo upepo, hasa upepo wa Makambako, utausukuma moshi urudi sebuleni. Mbao za kenchi zisiguse dohani. Meko isiwe na kina kirefu, na kuta zake za pembeni zitanuke kuja mbele ili zitupe joto chumbani. Hilo lilionyeshwa London miaka ya 1790 na Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Rumford, kwa sababu hata Waingereza walikuwa wanapasha joto mawingu kuliko vyumba vyao. Bado sehemu kubwa ya joto inapotea juu. Ni moto wa sebuleni wa jioni, si wa kulala nao, na usiku unaachwa ufe. Masizi yafagiliwe kila mwaka, hasa kwa anayechoma paina mbichi yenye utomvu, maana masizi hayo yanaweza kuwaka.

Fundi alihesabu tofali za ziada, akakuna kichwa, akasema bei itapanda. Baba wa watoto akasema kibaraza cha mbele kitasubiri mwakani. Mama hakusema kitu. Alikuwa ameshaamua tangu ile alfajiri.

Dohani ilimalizika mwezi Agosti, kabla hata lipu haijapigwa. Jioni ya kwanza fundi alijaza magunzi mekoni akawasha, na moshi wote ukarudi ndani. Watu wakakimbilia nje wakikohoa na kumcheka mzee. Yeye aliingia peke yake, akafungua dirisha kidogo, akakunja gazeti, akaliwasha na kulishikilia juu ndani ya koo la dohani mpaka likaisha. "Inataka kupashwa kwanza," akamwambia fundi. "Ni kama ng'ombe wa kukamuliwa, huanzi kwa kuvuta."

Moshi ukakata shauri, ukapanda. Mtoto wa darasa la nne alikimbia mpaka barabarani kuutazama ukitoka juu ya paa, mweupe na ulionyooka, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na upepo. Jirani aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama, akaweka mguu chini, akauliza kwa hofu kama nyumba inaungua.